Klachi Isiyotaka Kukazwa

Mume wa dada yangu anaamini kwamba kila kitu kibovu kimelegea. Mlango ukilia, anakaza bawaba. Redio ikikoroma, anatafuta bisibisi. Lori letu la shamba ameliendesha miaka mingi akiwa na buti la mvua mguuni, na mguu wa kushoto umelala juu ya pedali ya klachi muda wote, kama mtu aliyeuegemeza kwenye kigoda. Nimemwambia mara nyingi autoe. Hujibu kwamba dereva lazima awe tayari. Tayari kwa lipi, hajawahi kusema.

Masika yaliyopita yalipokuwa yanaishia, dada alikuwa ameng'oa maharage yake bondeni, Kitahana. Yalilala juu ya maturubai, makavu, bado kwenye maganda, pamoja na yale ya mbegu. Maharage ya namna hiyo yakinyeshewa huchipua humo humo kwenye maganda, na hapo huna chakula wala mbegu. Kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Burundi. Kazi ilikuwa moja tu: kuyapandisha kilima hadi ghalani kwao, Busunzu.

Lori halikufika nusu ya kilima. Injini ilinguruma kwa nguvu zote, magurudumu yakazunguka kwa uvivu, kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Tukarudi kinyumenyume na kushusha mzigo. Likiwa tupu liliweza kujikokota, basi shemeji akalipeleka mjini Kibondo kwa fundi wake, nami nikapanda.

Fundi huyo alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stendi na sifa kubwa ambayo sijui aliipata wapi. Hakuingia kwenye kiti cha dereva. Hakuigusa pedali. Alitandika boksi, akaingia chini, akatoa hukumu kabla mgongo haujatulia.

"Imelegea hii. Tunakaza."

Shemeji alinitazama kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Umekanyaga pedali?" nilimuuliza fundi.

"Ya nini?"

"Uone kama ina nafasi. Inatakiwa isogee kidogo bure kabla haijawa nzito."

"Ndugu yangu, mimi gari nalijua kwa harufu."

Waliokuwa wamekaa pale wakacheka. "Msameheni," shemeji akawaambia, "amesoma kitabu." Alilitamka kama mtu anavyosema kuhusu ndugu yake: msameheni, amekunywa.

Nimekisoma kweli. Nilikinunua mnadani Kasulu kikiwa hakina jalada, kwa Kiingereza, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Jambo lenyewe halihitaji akili nyingi. Klachi hushika pale mguu unapotoka kwenye pedali. Kuna fimbo ya chuma chini ya gari inayoisukuma iachie. Ukiikaza fimbo hiyo hadi pedali ikakosa nafasi, ni sawa na kuendesha huku umeikanyaga kidogo, saa zote: haishiki vizuri, inateleza, inaungua. Klachi yetu haikuwa imelegea. Ilikuwa imekazwa mno, tena kwa miaka, na mtu yule yule anayekaza bawaba, na juu yake akaweka buti.

Nilikuwa na spana kwenye mfuko wangu. Ningeweza kumwita fundi aje aibonyeze pedali kwa mkono wake mwenyewe. Nilivuka barabara nikanywa chai. Niliona hapakuwa na mtu wa kuelezwa pale. Kilima kingewafundisha.

Kesho yake kilima kilifundisha. Lori lilikwama chini zaidi kuliko mara ya kwanza, na harufu ilikuwa kali zaidi.

"Muramu," shemeji akaniambia, maana ndivyo Waha tunavyowaita mashemeji, "hakukaza vya kutosha. Tumrudie."

Dada alikuwa amesimama kando ya barabara akitazama mawingu. Alinigeukia mimi, si mumewe.

"Wewe na kitabu chako. Unaweza au huwezi?"

"Naweza. Ila lazima ipoe kwanza."

"Na mvua nayo itangoja ipoe?"

Tulingoja karibu saa nzima. Kisha nikaingia chini, nikafungua nati ya kufungia, nikairudisha fimbo nyuma mizunguko mitatu, nikatoka, nikapima mwendo wa pedali kwa rula. Nikaingia tena, nusu mzunguko. Nikapima tena.

"Analegeza!" shemeji alikuwa akiwaita wapita njia wenye baiskeli. "Njooni muone mtu analegeza kitu kilicholegea!"

Tulirudi bondeni tukashusha nusu ya mzigo, klachi iliyokwisha kuungua isilemewe. Dada alikaa katikati yetu, macho kwenye buti la mumewe. "Toa mguu," alisema kila baada ya mita chache, na lori likapanda kilima chote, bila harufu. Tulishusha ghalani na kugeuza upesi. Mvua ilitukuta njiani tukirudi bondeni. Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya turubai, na maharage yaliyobaki yalikuwa yanaelea.

Siku chache baadaye nilimkuta dada uani akichambua yaliyolowa, na shemeji akimsimulia jirani jinsi fundi wa Kibondo alivyoikaza klachi, ikachukua siku moja kukubali. Sikujisumbua kumsahihisha.

"Kule mjini," dada aliuliza bila kuinua macho, "uliona kwamba yule fundi anakosea?"

"Niliona."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Wakacheka."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Alikuwa ameshika konzi ya maharage yenye mikia myeupe. Mbegu zake zote zilikuwa kwenye fungu lile lililobaki bondeni.

"Huyu hajui," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Hicho ndicho kisingizio chake. Chako ni kipi?"

Alinisukumia ungo, akaingia ndani. Nilichambua hadi mwisho. Karibu yote yalikuwa ya kuwapa mbuzi.