Askari Waliomo Katika Damu ya Nyanya

Juzi nilikaa na nyanya yangu kwenye benchi la zahanati hapa Garissa, nikimtafsiria Kisomali. Tangu niachishwe shule, hiyo ndiyo kazi ninayopewa. Ufizi wa nyanya huvimba, hupona, kisha huvimba tena, na meno yanamtoka. Mtafiti kutoka Nairobi alitaka damu yake.

"Tunatafuta kingamwili zinazopambana na vimeng'enya vinavyokula ufizi," alisema.

Nikamwambia nyanya, "Ayeeyo, kuna askari ndani ya damu yako. Anataka kuwahesabu."

"Muulize, wale aliowachukua mwaka jana wako wapi?"

Mtafiti hakuinua macho. "Majibu ni ya utafiti, si ya mgonjwa."

"Na dawa?" nyanya akauliza.

"Dawa si kazi yetu. Amepiga mswaki leo?"

Siku moja kabla, mtafiti alikuwa amemkataza nyanya kugusa mswaki wake wa mti, eti ungeharibu sampuli. Nyanya aliswali alfajiri bila kupiga mswaki, jambo ambalo sijawahi kuliona nyumbani kwetu.

Nilipomaliza kutafsiri, nyanya aliuchomoa mswaki kwenye shali, akaupiga polepole, jino kwa jino, huku akimkazia mtafiti macho. Kisha akatema mate mekundu kwa damu ndani ya chupa ya sampuli iliyokuwa ikisubiri damu yake.

"Mwambie awahesabu hao."

Mtafiti alifoka kwamba tumemharibia siku nzima. Siku nzima! Jioni ile nyanya alilowanisha anjera, mkate wetu laini, kwenye chai hadi ikawa uji, ndipo akaweza kuimeza.