Kijungu cha Kiunoni

Enzi zetu, za Mjerumani, hakuna mama aliyetoka nyumbani kiuno kitupu. Wengine walifunga kibuyu kidogo, wengine kifuko cha ngozi. Sisi wa Ikombe, kando ya ziwa, watoto wa wafinyanzi, tulikuwa na kijungu cha udongo kinachoenea ndani ya ngumi, mfuniko wake umezibwa kwa nta ya nyuki. Ndani mlikuwa na jiwe la gumegume na kipande cha chuma cha kuwashia moto, sufi kavu, ndoana na uzi wake, chumvi kidogo, na mwiba mgumu wa kutolea funza. Funza ndio kwanza walikuwa wameingia kwetu, na walitutafuna vidole bila huruma.

“Moto wa jirani hauvuki ziwa,” mama alikuwa akisema. Kijijini ulikwenda kuomba kaa la moto, ukarudi nalo kwenye kigae likifuka moshi. Ziwani utamwomba nani?

Nakumbuka siku tuliyokuwa tunarudi kwa mtumbwi kutoka sokoni Mwaya, mama, mimi na mdogo wangu Ambakisye. Vyungu vyote vilikuwa vimekwisha kwa desturi yetu: mtu anakijaza chungu mahindi, mahindi yanakuwa yako, chungu chake. Tulikuwa tumeshiba ndizi za kuchoma na samaki, tunaimba. Katikati ya safari Ambakisye akashikwa na homa, akajikunja juu ya vikapu vya mahindi. Mara upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukaamka, na ufa wa siku nyingi kwenye mtumbwi wetu ukafunguka.

Mama akatazama maji yanavyoingia, akatazama nchi kavu. Pale milima inashuka moja kwa moja ziwani, hakuna nyumba ya mtu, ni vipande vya mchanga tu katikati ya mawe. Akamhamishia Ambakisye miguuni pangu, akavitupa majini vikapu vya mahindi, kimoja kimoja, jasho lake la msimu mzima, wala hakugeuka kuvitazama. Kisha akaibandua nta ya kijungu kwa meno, akaitafuna mpaka ikalainika, akaigandamiza kwenye ufa. Mimi akanikabidhi kijungu, sasa kikiwa wazi, maana mfuniko haushiki bila nta.

“Kishike juu. Sufi ikilowa hatuna moto, na bila moto mdogo wako hafiki asubuhi.”

Basi nikainua mikono. Mama alipiga kafi, mawimbi yalinipiga usoni, nami nilifunika mdomo wa kijungu kwa kiganja na kukinyanyua juu ya kichwa. Mabega yaliwaka, kisha yakafa ganzi. Nilimchukia mama siku ile, nasema wazi. Lakini kila nilipotaka kushusha mikono nilisikia meno ya Ambakisye yakigongana, nikainyoosha tena.

Tulipofika mchangani vidole vyangu vilikataa kufunguka, mama akavifungua kimoja kimoja. Akagonga chuma kwenye gumegume. Sufi ikashika. Tulimweka Ambakisye karibu na moto, tukamsugua miguu usiku kucha, na kulipopambazuka akaomba chakula. Mama alilia wakati ule tu, kisha akachukua ndoana akaenda kuvua.

Vijana wa leo, Mungu wetu Kyala awasaidie. Mjukuu wangu mfukoni ana kitana, kioo na kiberiti cha dukani. Manyunyu kidogo tu, kiberiti kimelowa, ananiletea nikianike mekoni. Halafu anakicheka kijungu ninachokifunga kiunoni mpaka leo, nta yake nikiibadilisha kila mwaka. Nikimwambia habari za ziwa anasema siku hizi kuna meli.

Ambakisye sasa ni mzee, analima mpunga Ipyana. Akili yake imechoka, mara nyingine jina la mkewe linampotea. Lakini akija kwangu, hata kabla ya kunisalimu, anasimama mlangoni na fimbo yake na kuuliza, “Dada, kipo?” Nami hugonga kijungu kwa ukucha akisikie, ndipo anakubali kukaa.

Juzi alikuja nikiwa nyuma ya nyumba, mikono imejaa udongo. Nikamsikia akiuliza. Kabla sijafungua mdomo, mjukuu wangu akamjibu, “Kipo, Babu. Bibi amekifunga.”

Nikakata tonge la udongo nililokuwa nikilikanda. Nimeanza kumfinyangia mjukuu chake, na atakivaa.