Geji ya Trakta ya Afande

Juzi niliona trakta kuukuu ikinguruma Port Bell, nikanusa tena dizeli ya gereji ya baba, kule Kisenyi. Mchana mmoja wa enzi za utawala wa jeshi, nikiwa bado mtoto, alifunga geji ya joto kwenye trakta ya afande mmoja, akawasha injini. Mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu.

"Wewe fundi, mbele trakta yangu hapana chemka! Hii saa yako naleta moto!"

"Ilikuwa inachemka, afande. Ulikuwa huoni tu."

Askari wake wakacheka, wakamfungia baba ndani ya buti ya gari lao, wakaondoka naye. Nami nilicheka, nikidhani wanamtania.

Mama alikuwa keshafariki, hivyo nilipika mimi. Nikawakataza wadogo zangu kula kabla baba hajarudi. Walilala njaa. Asubuhi niliwagawia muhogo uliopoa, pamoja na fungu la baba.