Nasser Alipoanza Kutoa Pasi

Gari la shangazi Zuwena lilinukia udi na viti vilivyopigwa jua, na ndimo nilimojifunza kupenda mpira. Katika miaka ya tisini, nyuma ya maduka ya mtaani kwetu, Khuwair ya Kusini, kulikuwa na kiwanja cha vumbi tupu. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri timu ya mtaa wetu ilicheza hapo. Wanaume walisimama kandokando ya mstari. Kina mama na sisi watoto wa kike tulitazama kutoka ndani ya magari, chupa za chai zikipitishwa madirishani, na kushangilia kwetu kulikuwa kwa honi. Mchezaji akionyesha ufundi, shangazi alipiga honi, na magari mengine yakaitikia.

Honi nyingi zilikuwa za Nasser, kijana wa jirani, kiungo wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mpira ukimfika hautoki. Alimpiga mtu chenga, akamsubiri ageuke, akampiga tena. Nilimpenda kupita kiasi. Kaka yangu Khamis, mshambuliaji, alikimbia mbele akiinua mkono, wala hapewi. Msimu ulikuwa unakaribia kwisha naye hajafunga hata goli moja, na Maalim Seif, kocha wetu, alikwisha kumwambia kwamba mambo yakiendelea hivyo atamtoa kwenye timu. Khamis akawa hata chakula hakimpiti. Mama alimhurumia. Mimi niliona ni mzito wa miguu tu.

Ijumaa moja Maalim alikuja hadi kwenye magari, akasalimu, akawauliza kina mama hali zao, kisha akaomba honi zisipigwe mpaka mpira uingie wavuni.

"Honi zenu zinamlevya Nasser," alisema. "Kijana anakuchezeeni nyinyi, hachezi na wenzake."

Shangazi alinuna, lakini alitii. Siku ile Nasser kila akimaliza chenga aliinua kichwa kututazama, na magari kimya. Wiki zilizofuata akaanza kupokea na kutoa, kupokea na kutoa. Nilikasirika kweli. Nikamwambia mama kwamba Nasser amekwisha.

"Hajesha," mama alijibu. "Mie ndo kwanza nnamuona anacheza."

Mechi ya mwisho wa msimu ilikuwa haina goli mpaka dakika za mwishoni. Nasser akabaki na kipa peke yake. Yule Nasser wangu angempiga chenga kipa, kisha amrudie. Huyu alisukuma mpira pembeni kwa Khamis, na Khamis akafunga. Shangazi akaing'ang'ania honi, mama akalia. Khamis alibaki kwenye timu miaka mingi baada ya hapo. Siku ile Nasser hakututazama kabisa. Alikuwa amesimama palepale, anacheka, anamnyooshea Khamis kidole ili watu wamtazame yeye, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Siku hizi kiwanja kile ni maofisi. Wanangu hucheza kwenye nyasi za bandia, na kila goli lao linabaki kwenye simu. Goli la Khamis halikurekodiwa, kwa hiyo yeye hulisimulia kila tukikutana kwa chakula cha Ijumaa, na kila mwaka mabeki aliowapita huongezeka. Pasi ya Nasser haitaji hata siku moja. Mimi husikiliza kutoka chumba cha pili, nikingoja Nasser, ambaye hakosi chakula hicho, amsahihishe. Khamis akifika mbele ya goli na kunyamaza ili wamsikilize vizuri, Nasser humuuliza, "Enhe, ikawaje?"