Mkono wa Gita Haukurudi

Mimi ni mtu wa hofu. Naanza na hilo ili msomaji asidhani kwamba yaliyonipata kipupwe kile yalitokana na uvivu. Yalitokana na kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikirudi mlangoni kutazama kama nimetia komeo, kisha nikirudi tena kutazama kama nilitazama vizuri. Nilipopata gita, hofu ile ikapata nyuzi sita za kukalia.

Gita aliniletea mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa baharia katika meli za mizigo. Lilikuwa gita la umeme, bapa, zito kuliko umbo lake, pamoja na boksi la kutolea sauti. Katika daraja lake, pale nyuzi zinapolalia, palichomoza mkono mwembamba wa chuma. Ukiubonyeza, nyuzi zote hulegea na sauti hushuka. Ukiuachia, sauti hupanda ilikotoka. Ndivyo inavyotakiwa, lakini ndivyo isivyokuwa, na hilo ndilo lililonikondesha.

Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa santuri na redio, peke yangu, na mtu aliyejifunza peke yake ana maradhi yake: hana wa kumwambia kwamba kweli anajua. Upo usiku niliolala nikiamini kwamba mimi ni mpigaji, nikaamka nikiamini kwamba ninajidanganya. Ndiyo sababu niliposikia kuwa chama cha taarabu cha mtaa wetu hapa Mji Mkongwe kina kiti kitupu, mpiga fidla wao wa pili amehamia Mombasa, nilikitaka kiti kile kama mtu aliyezama anavyotaka pumzi. Nikikalishwa pale na watu wanaojua, basi najua.

Mkuu wa chama alikuwa mpiga ganuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, mtu mkimya, ana vidole virefu. Nilipanda ngazi za klabu yao gita limo ndani ya shuka, boksi lake mkononi.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Ndilo hilo?" Alilitazama kama mtu anayetazama samaki asiyemjua. "Linaimba au linapiga kelele tu?"

"Linaimba."

"Haya, mfuate mwenzio."

Akachezesha kipande kifupi cha ganuni. Nikakifuata. Akatikisa kichwa, akakirudia polepole, na safari hii nilisikia nilichokiruka. Katika nyimbo zetu zimo sauti ambazo si za juu wala za chini, zimekaa katikati. Muimbaji huzipitia kwa koo, mpiga fidla kwa kusogeza kidole. Gita lina vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, na sauti ile ilikuwa inaishi kati ya chuma na chuma.

"Chuma hakipo hapo, bwana," nikasema.

"Basi itafute pasipo na chuma. Ukiileta, kiti chako. Usipoileta, tunaye kijana wa akodiani. Jumapili asubuhi, mapema. Sote tuna harusi Bububu, tutaondoka na basi la kwanza."

Mpiga fidla wao wa kwanza, mtu mnene mwenye mdomo, akauelekeza upinde wake kwenye gita langu. "Yakhe, mbona lina mkia? Labda sauti imo mkiani huko."

Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli bila ya kujua. Ningeipiga sauti ya juu, nikaubonyeza mkono kidogo mno, ingeshuka mpaka pale katikati. Kisha mkono urudi.

Nilifanya hivyo nyumbani siku ile ile, nikaipata. Nililia kwa furaha. Nikaipiga mara ya pili, nikakuta gita zima limeharibika: mkono ulirudi, lakini haukurudi kamili. Ulibakisha kitu kidogo, kama unywele, na unywele huo ulitosha kuzifanya nyuzi zote ziwe chachu. Nikazikaza upya. Nikabonyeza. Chachu.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akipiga muziki wa dansi, karani mchana, mpigaji jioni. Nilikuwa nimeshaona gita lake, nalo lina mkono, lakini wa namna nyengine. Alikuwa mwema, alinikalisha, akayalaza magita yote mawili juu ya kitanda chake.

La kwake, daraja lilikuwa peke yake na mkono peke yake. Nyuzi zilipita juu ya daraja zikaenda kujiviringisha kwenye chuma cha mviringo huko mwisho, na chini ya mkono palikuwa na springi moja fupi, nene, iliyosimama kama mtu anayebeba gunia. Ukibonyeza, chuma kile kilizunguka kidogo, na daraja nalo likainama kidogo kufuata. Sauti yake ilikuwa kama maji ya bahari pwani ya Forodhani siku isiyo na upepo: inakwenda, inarudi, haiendi mbali. Nilijaribu kuitafuta sauti yangu. Nilibonyeza mpaka mkono ukagusa mbao. Iliteremka, ikakaribia, haikufika.

La kwangu lilikuwa kitu chengine kabisa. Daraja na mahali pa kufungia nyuzi vilikuwa bamba moja la chuma. Bamba hilo liliegemea kwa ukingo wake wa mbele kwenye skrubu sita, kama kifuniko cha sanduku kinavyoegemea bawaba. Chini yake kulikuwa na pande la chuma lililopenya gita mpaka mgongoni, na mgongoni, ndani ya shimo, zilijinyoosha springi ndefu zikivutana na nyuzi. Nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, na bamba limening'inia katikati halina amani. Nilipoliona lilivyo niliona haya, kama niliyeonyeshwa roho yangu.

"La kwangu halina mbio lakini lina adabu," alisema Mgoa. "La kwako linafika popote, ila ukikata uzi mmoja tu, zote zinapotea. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye zile skrubu. Tone moja, bwana, basi."

"Na likikataa?"

"Likikataa, piga dansi."

Nilirudi nikifikiri. Mafuta ya cherehani ni ya mitambo, yana harufu, niliogopa yatakula rangi ya gita. Nyumbani tulikuwa na mafuta ya nazi, safi, mama aliyakamua mwenyewe, meupe kama maji. Mama akijipaka nywele kwayo, akitia kwenye bawaba za kabati, akimpaka mgonjwa kifuani. Kipupwe kila asubuhi aliiweka chupa uani, pale jua linapoanguka kwanza, ayayeyushe. Nilikuwa nikiiruka chupa ile kila nikienda kutawadha. Niliijua kama ninavyokijua kiganja changu.

Nikatia mafuta ya nazi. Sikutia tone moja. Niliwaza kwamba skrubu moja ikikosa, itazisaliti nyengine, nikatia mpaka yakachuruzika. Mkono ukarudi! Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza, nikaachia, na kila safari nyuzi zilirudi mahali pake.

Mtu mwengine angeshukuru hapo akalala. Mimi nikasikia kelele. Kila nikikata sauti, springi za mgongoni ziliendelea kuvuma ndani ya shimo lao, sauti nyembamba kama mbu. Sijui kama yupo mtu angeisikia. Niliisikia mimi. Nikafungua kifuniko cha mgongo, nikachukua sufi kwenye mto wangu, nikairowesha mafuta ya nazi iwe laini, nikaishindilia katikati ya springi. Mbu akanyamaza. Mkono ulikuwa mwepesi kama kope.

Nilikuwa nikifanya mazoezi mchana, chumba cha juu chini ya mabati, kwa sababu huko sikumsumbua mtu. Kulikuwa na joto la kutoka jasho. Pale, Jumamosi adhuhuri, nilikipiga kile kipande cha mkuu kuanzia mwanzo mpaka mwisho na sauti ya katikati ikakaa katikati. Nilikipiga mpaka nikaogopa kukimaliza. Kisha nikaliteremsha gita chini, nikalilaza kwenye sakafu ya chumba changu, tayari kwa asubuhi.

Jumapili nilisali alfajiri nikatoka. Upepo wa kusi ulikuwa unapenya vichochoroni, kuta zimetoa baridi, watu wamejifunga mashuka mabegani. Klabu walikuwa wameshavaa kanzu za harusi. Kijana wa akodiani alikaa kando, akodiani yake mapajani, ananitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha.

"Haya," alisema mkuu.

Nilianza vizuri. Nilipofika pale, nikapiga sauti ya juu, nikaubonyeza mkono. Ulikuwa mzito, nikaubonyeza kwa nguvu. Sauti ikateremka, ikafika. Nilimuona mpiga fidla akiinua kichwa. Mkuu alifumba macho.

Nikauachia mkono. Haukurudi.

Ulibaki chini, umelala, na nyuzi zote sita zimelegea nao. Niliendelea kupiga, kwa sababu vidole havikuwa na habari, na kilichotoka sitaki kukieleza. Niliuvuta mkono juu kwa kiganja. Ulipanda polepole, kama mtu anayeamshwa akakataa, ukasimama katikati ya njia.

"Irudie ile," alisema mkuu, macho bado ameyafumba. "Ile moja."

"Siwezi, bwana. Umekwama."

"Umekwama nini?"

Mpiga fidla alikuja akainamia gita, akavuta pua. "Hebu ngojeni. Mbona lanuka wali wa nazi? We, gita lako umelipikia?"

Akaligeuza, nikafungua kifuniko mwenyewe kwa senti niliyoikuta mfukoni. Shimo zima lilikuwa jeupe. Mafuta yalikuwa yameganda, yamezikumbatia springi na sufi yake, magumu kama sabuni.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Yakhe, kipupwe hiki! Hata bibi yangu anajua!" Nami nilikuwa najua. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimeiruka chupa ya mama alfajiri ile ile, ndani yake kumeganda vile vile.

Nilimsihi mkuu. Nilisema nitalisafisha gita, nitatia ya cherehani, nitarudi kesho, nitarudi leo leo jioni. Nilisema mengi mno, nilijisikia nikisema mengi mno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sauti uliipata," alisema. "Sitasema hukuipata. Akodiani haifiki pale hata siku moja. Lakini ikenda, inarudi. Watu wakishakaa kitako mbele yetu, mwanangu, mimi nataka kinachorudi." Akamgeukia kijana wa akodiani. "Twende, basi litatuacha."

Nyumbani nilimkuta mama uani. Jua lilikuwa limeanza kuigusa chupa yake.

"Wamekuchukua?"

"Hawakunichukua."

Alisogeza mkeka wake, nikaliegemeza gita ukutani karibu na chupa, mgongo wake wazi ukitazama jua. Najua jua hupasua mbao. Sikujali tena. Mafuta ya chupa yalianza kuwa maji pembezoni, kisha katikati. Baadaye kidogo yale ya gita yakaanza kudondoka sakafuni, tone baada ya tone, na mkono ukaanza kupanda. Hakuna aliyeugusa. Ulipanda wenyewe, polepole, mpaka ukafika ulipotakiwa kufika asubuhi ile.

Nikanyoosha kidole, nikapiga uzi, nikabonyeza, nikaachia. Bila ya umeme sauti ilikuwa ndogo, ya kusikiwa na watu wawili tu.

"Ndiyo hiyo waliyokuwa wakiitaka?" aliuliza mama.

"Ndiyo hiyo."

Aliisikiliza mpaka ikakatika. Kisha akachukua chupa yake, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kujipaka nywele. Saa ile basi la Bububu lilikuwa limeshaondoka.