Jile Lililorudi Limefuliwa

Kwetu Nyangwe, ukiokota kasia linaelea, hulipeleki nyumbani kwa mwenyewe. Hata kama nyumba yake unaiona kutoka mtoni, hata kama mkewe ni dada yako. Unalishusha pale bandarini mitumbwi inapofungwa, likiwa bado limelowa, unaliweka chini karibu na maji, unatuma mtu akamwite. Akija, humkabidhi mkononi. Unasema kwanza ulilikuta wapi: chini ya kisiwa gani, upande wa mawe au upande wa mchanga, lilikuwa linakwenda na maji au limekwama. Ukishasema, ndipo yeye anainama kuliokota. Ndivyo ilivyo kwa kasia, kwa upondo, kwa mtumbwi wenyewe, na kwa vyombo vyote vya mashindano.

Nilipoolewa Kasongo, mawifi zangu walinicheka kwa habari hiyo. Wale ni watu wa mjini, mto wanaujua kwa samaki tu. Sherehe yote hiyo kwa kipande cha ubao? Nilijaribu kuwaeleza, kisha nikachoka. Kasia haliendi mtoni peke yake. Likionekana linaelea, kuna mtu aliyekuwa amelishika, na huenda watu wake bado hawajui yuko wapi. Ukisema mahali, wanaomtafuta wanajua pa kuanzia. Kwa hiyo kitu na neno lake vinarudi pamoja, na anayerudisha kitu bila neno kwetu anahesabiwa mwizi.

Siku hizi vijana wanapiga picha ya kasia, wanaitupa kwenye WhatsApp: ya nani hii? Sigombani nao. Angalau wanauliza.

Yaya wangu, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, alikuwa mpiga kasia wa mbele katika mtumbwi wa ng'ambo yetu. Kila sikukuu tulishindana na ng'ambo ya pili: wanaume wamesimama wamepangana, wanapiga kasia kwa kufuata wimbo, na sisi wanawake ukingoni tunatukana wa ng'ambo kwa matusi ambayo siku nyingine tungeona haya kuyasema. Mwaka ule walikuja wageni waliotaka kuyafadhili mashindano, wakaleta majile, yaani vizibao vya kuelea majini, ya rangi ya machungwa, mapya, yana mikanda ya kufunga kifuani. Waliyagawa wakasema wazi kwamba jioni watayahesabu, yote yarudi. Wazee wakacheka, eti mtu aliyezaliwa majini leo anavalishwa godoro. Yaya alilipenda la kwake. Lilikuwa linamkwaruza shingo tu, nikachukua kipande cha kitenge changu nikamshonea kwenye kola, akazunguka nalo kijiji kizima kabla ya kushuka mtoni.

Walipofika mahali pa kugeuzia, mitumbwi miwili iligongana. Wetu ukapinduka. Waliibuka wote isipokuwa yeye, na wengine walisema waliona pua ya mtumbwi wa pili ikimpiga kichwani. Bado hatukupiga kelele. Tulikuwa na imani na lile jile. Watu wakawa wanamwambia mama, "Usiogope, iko na jile, haizami, itatokea kule chini." Tukangoja atokee kule chini.

Hakutokea. Tulimtafuta siku ile mpaka giza, na siku zilizofuata pia, bila kuona mtu wala jile. Ndipo midomo ikaanza. Wa kwanza wakasema jile lenyewe lilikuwa bovu, lilinywa maji. Wageni wakaudhika, wakafunga mizigo yao na majile yaliyobaki, na mashindano yakafa hapo. Kisha wakaja wajuaji wengine, hawakosekani: eti yaya alilivua, akaogelea mpaka ng'ambo, akaenda zake kwenye dhahabu huko Kabambare na mwanamke. Mmoja alikuwa hata na rangi ya gauni la huyo mwanamke. Nilimtemea mate miguuni na sijutii.

Kwetu mtu aliyepotelea majini analiliwa kama wengine, lakini kilio hakifungwi mpaka pajulikane mahali. Wazee wanakwenda pale, mama yake anatupa udongo majini, wanarudi, moto wa matanga unazimwa na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Sisi hatukuwa na mahali. Wageni wa kilio waliondoka mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu wanaotoroka ibada. Mama akabaki analala chini kwenye mkeka, sebuleni, mwaka baada ya mwaka. Nilimletea godoro kutoka Kasongo, akampa jirani aliyejifungua. Nikikasirika ananiambia, "Sijaambiwa mutoto wangu iko wapi. Nitapanda kitanda namna gani?"

Miaka ikapita. Mimi nafanya biashara ya karanga, nazinunua Kabambare nazileta Kasongo kwa pikipiki, na ile barabara kila anayeijua anajua ninachosema. Siku moja tulikuwa tumepita Wamaza, mvua ikaanza. Dereva akasimama, akatoa vazi chini ya kamba za mzigo, akalivaa juu ya shati, tukaendelea. Lilikuwa jile la rangi ya machungwa, limefifia. Nimekaa nyuma yake, nimebanwa na gunia, na mbele ya pua yangu, kwenye kola, kuna kipande cha kitenge changu. Ushono wangu naujua. Nashona vibaya, nakaza uzi kupita kiasi, kitambaa kinajikunja.

Nikamwambia asimame.

"Mama, hapa ni matope, tutaanguka."

"Basi tuanguke. Simama."

Akasimama. Nikamwuliza alikolipata, "Ile jile uliitosha wapi?"

"Shemeji yangu alinipatia, ile mwaka nilioa dada yake. Iko muvuvi, anakaa chini ya Nyangwe."

"Na yeye aliitosha wapi?"

"Kwa maji, mama. Anasema maji ndiyo ilimupatia."

Nikamweleza jile ni la nani. Alilivua kama mtu aliyeingiwa na siafu. Alikuwa kijana mwenye adabu, mtu wa nchi kavu, hakujua lolote. Akaninyooshea kwa mikono miwili. "Kamata, mama. Mi sikujua. Kamata kitu yenu."

Sikulikamata. Mume wangu mpaka leo hanielewi kwa hilo, anasema nilikuwa na kitu cha ndugu yangu mkononi nikakiacha. Lakini ningelipokea mimi, pale barabarani, yule shemeji angekuwa amemalizana nasi. Jile lingerudi, neno lingebaki tumboni mwake. Nikamwambia kijana, "Murudishie shemeji yako. Umuambie mama ya ule mutu anamungojea kwa maji." Hakutaka kulivaa tena. Alilifunga juu ya gunia langu la karanga, akaendesha mpaka Kasongo amelowa chapachapa.

Njiani nilimwuliza jambo moja tu, huyo shemeji anafananaje. Alipoanza kusema nikamjua kabla hajamaliza. Alikuja kwenye kilio chetu. Alileta kuni. Alikaa motoni na wanaume, akala sombe yetu ya majani ya muhogo, tena nilimwongezea mimi mwenyewe. Na kesho yake tulipomtafuta yaya, yeye ndiye aliyekuwa kwenye mtumbwi wa kwanza. Yeye ndiye aliyesema tupande juu, kwenye mawe, kwamba maji ya msimu ule humrudisha mtu nyuma. Wote tukamfuata kwa sababu anaujua mto. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilifika Wamaza na kurudi.

Nilishuka Nyangwe nikakaa na mama kumngoja. Nilitumaini hatakuja, ili niwe na sababu ya kwenda kumchoma nyumba. Akaja. Akaja nyumbani, si mtoni, amevaa shati la pasi, amebeba mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko lilikuwa jile, limefuliwa kwa sabuni, limekaushwa juani, limekunjwa kama nguo za mtoto mchanga. Lilikuwa linanukia vizuri. Akasema, "Jambo, mama. Nimekuletea kitu yenu," kama mtu aliyeazima kinu.

Mama hakumkaribisha wala hakumkemea. Aliuangalia mfuko, akasema, "Hapa hakuna maji, mwanangu. Twende."

Tukashuka, mama mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikiitazama shingo yake. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mama akamwambia, "Uiloweshe." Akaingia na viatu vyake vizuri mpaka magotini, akalizamisha, lile povu la sabuni likatoka likaenda na maji. Akatoka nalo likichuruzika, akaliweka chini. Kisha akasimama, na sisi tukasimama.

Nilijua atadanganya. Ningekuwa yeye ningedanganya. Lakini naye alizaliwa kwenye mto huu. Tangu utoto alikuwa ameona watu wazima wakisimama hivyo mbele ya kitu kilicholowa na kusema kweli, na nadhani hakujua namna nyingine ya kusimama pale.

"Niliikuta chini ya kisiwa, kwa matete, upande wa muchanga," akasema. "Ilikuwa imekwama."

"Siku gani?"

"Ile ile siku, mama. Jua ilikuwa bado juu."

"Ilikuwa peke yake?"

Mama akangoja. Mama amezoea kungoja.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa naye."

Mengine yalitoka yenyewe. Alimkuta yaya ameelea chali kwenye matete, amekwisha kufa, jile limemshikilia juu ya maji kama wageni walivyoahidi. Mikanda ilikuwa imekaza kwa kulowa, akaikata kwa kisu cha samaki. Jile lilipotoka, mkondo ukamchukua. Nilimwuliza kwa nini, nadhani nilipiga kelele, maana mtoto wa mmoja wa wafuaji alianza kulia. Akajibu akiangalia chini.

"Ilikuwa mupya. Wageni walisema watahesabu zote. Kama ningemuleta nayo, wangeichukua. Kama ningemuleta bila jile, mungeniuliza jile iko wapi."

Ni kweli, tungemwuliza. Desturi yetu imefunga kitu na neno kwa fundo moja. Aliyetaka kitu ilibidi alimeze neno, na kesho yake ikabidi atupandishe juu kwenye mawe ili tusikutane na mwili aliouachilia. Ndugu yangu alibadilishwa kwa vazi la kuzuia mvua, na lenyewe hakulivaa hata yeye, alimpa mwoaji wa dada yake. Kulikuwa na kasia limeegemezwa kwenye mtumbwi. Nililishika. Mama akanikamata kitenge kiunoni, hakunivuta, alikishika tu, nikaliachia.

Kisha akainama. Magoti yake yanalia siku hizi, na hakutaka nimsaidie. Akaliokota jile likiwa linachuruzika, akalipakata, akasema, "Aksanti kwa neno." Ndivyo inavyosemwa. Nilimchukia kidogo kwa kuisema hiyo aksanti, mama yangu mwenyewe.

Mahali tulikuwa tumepata. Angeweza kumruhusu aende zake, na yeye alikwisha kugeuka kutafuta njia ya kupandia. Lakini mama akamwita tena, kwa sauti ileile ya chini, akamwuliza jambo ambalo desturi haimdai mtu.

"Ulimufumba macho?"

Yule mtu akafikiri. Naapa alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kumjibu mwenzake sawasawa.

"Sikuangalia uso, mama," akasema. "Niliangalia jile."