Mvumo wa Waya na Utando wa Buibui

Nakumbuka Ijumaa moja ya kiangazi, mwanangu, asubuhi nilipomwomba jirani azime friji yake, na kabla ya jua kuzama nikarudi kumwomba buibui. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia gitaa lako linavuma ukirekodi, na umekwisha kuamua kwamba mkosaji ni yule mchomelea mageti wa mtaa wa pili. Keti kwanza.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, fundi cherehani hapahapa Chang'ombe. Chumbani nilikuwa na kitanda, cherehani, gitaa la umeme na amplifaya yake, maikrofoni moja, na kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Siku hiyo mjomba Ndahani, kaka wa marehemu mama yangu, alikuwa amekuja kutoka kijiji kimoja kupita Mpwapwa. Alibeba ilimba yake ndani ya kiroba. Unaijua ilimba yetu Wagogo, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kulikuwa na wimbo ambao yeye na mama waliuimba utotoni wakichunga ndama, na duniani alikuwa amebaki yeye tu anayeujua. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa.

"Nirekodi sasa," aliniambia. "Mwakani gumba hili litakuwa la kushikia kijiko tu."

Basi lake la kurudi lilikuwa kesho yake alfajiri.

Nikawasha vyombo. Mvumo ukajaa chumba, mzito, usiokatika, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Sikutazama nyaya zangu. Nilitoka moja kwa moja kwa Mama Rukia, ambaye tuligawana naye ukuta na ambaye aliishi kwa kuuza barafu za ubuyu.

"Mama Rukia, friji yako inaniharibia kazi. Naomba uizime."

"Barafu zikiyeyuka nimuuzie nani, hilo gitaa lako?"

Aliizima hata hivyo, nusu saa nzima, kwa heshima ya mgeni wangu. Mvumo haukupungua hata chembe. Nyani haoni kundule, mwanangu. Ukuta ulikuwa wa watu wawili, lakini kosa lilikuwa upande wangu.

Mjomba, ambaye hakuwahi kumiliki hata pasi ya umeme, alinitazama nikihangaika, kisha akasema, "Ng'ombe akikohoa zizini hujui ni yupi, mpaka uwatoe mmojammoja."

Nikaanza kuwatoa. Nikachomoa gitaa, mvumo ukabaki. Nikazima taa ya bomba, ukabaki. Nikachomoa waya unaounganisha amplifaya na kompyuta, na chumba kikanyamaza hata nikasikia kuku wa uani wakiparura. Kumbe kila chombo peke yake kilikuwa kizima. Ugonjwa ulikuwa pale vilipokutana. Amplifaya nilikuwa nimeichomeka soketi ya mlangoni, kompyuta soketi ya dirishani. Umeme ulipata njia mbili za kushuka ardhini, ukawa unazunguka kati yake na kuvuma. Nikavichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, nikarudisha waya. Mvumo ukaisha.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, maana nilipumbazwa na ushindi. Tulipojaribu ilimba kwenye maikrofoni, nikasikia kwenye hedifoni mtetemo mwembamba, kama karatasi inayopulizwa. Nikajiambia, umebaki mwingine. Mjomba alipotoka kunawa mikono ili tule, nikaigeuza ilimba. Kwenye matundu yake kulikuwa kumebandikwa utando mweupe uliochakaa, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Nikauona uchafu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta matundu yote.

Baada ya kula mjomba aliketi, akapiga mara tatu, akaacha. Aligeuza kisanduku, akapitisha kidole palipokuwa na utando. Hakupandisha sauti.

"Hii sasa ni mbao na vyuma," alisema. "Mama yako asingeitambua."

Nikaanza kujitetea kwamba nilidhani ni kelele. Akanikatiza.

"Ile ya umeme ililia hata nilipokaa kimya. Hii ililia nilipopiga tu. Na hata ungekuwa na shaka, mimi nilikuwa hapo nje nanawa. Ulishindwa kuniita?"

Sijasahau swali hilo.

Utando mpya ulihitajika, maana ndio uliotoa ule mtetemo, na chumba changu nilikuwa nimekifagia dari mpaka sakafu kwa ajili ya mgeni. Hakukuwa na buibui hata mmoja. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: nikarudi kwa Mama Rukia, mjomba nyuma yangu.

"Shikamoo. Samahani, jikoni kwako hakuna buibui?"

"Asubuhi friji yangu mbaya. Saa hizi buibui wangu mzuri. Kesho utataka nini, panya?"

Mjomba alicheka mpaka akashika mlango. Mama Rukia alipanda kwenye kigoda, akabandua kwa ncha ya kisu vipande vitatu vya utando kutoka nyuma ya kabati, akavishusha juu ya kifuniko cha sufuria. "Chukueni na hiki kikubwa. Ila mtu akiuliza, nyumba yangu ni safi."

Mjomba alivibandika kwa mate, taratibu, kwa vile vidole visivyotaka kukunjika. Kisha akainamia maikrofoni, akaisalimu kama mtu, "Mbukwa," akapiga. Wimbo ulitoka na mtetemo wake wote. Katikati friji ya ng'ambo ya ukuta iliwaka, ikasikika kwa mbali. Nikanyoosha mkono nisimamishe. Mjomba akatikisa kichwa na kuendelea. Mwaka uliofuata hakuweza tena kupiga. Rekodi ni hiyo moja, na friji imo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kompyuta yako ina kitufe cha kusafisha kelele, najua. Usikiguse kwanza. Nyamazisha nyuzi, usikilize. Kinachovuma wakati umenyamaza, kitafute kwenye nyaya zako kabla ya kugonga mlango wa mtu, ukichomoa kimoja baada ya kingine. Kinachojibu mkono wa mpigaji, muulize mpigaji. Na usifute cha mtu akiwa hayupo, hata kama unakiona ni uchafu.

Mungu akupe sikio lenye subira na jirani anayekufungulia mara ya pili. Na vidole vyako vitakapokakamaa, awepo aliyekaa mbele yako, vyombo vimewashwa, anakusubiri uanze.